Jirani wa Upande wa Bondeni

Urbano hakukosea hata neno moja, na hilo ndilo lililomfanya Inspekta Chabani aweke kalamu chini.

"Rudia," alisema.

"Nirudie nini, chef? Si umeshaandika?"

"Mi muzee, mukono unachelewa. Rudia mipaka."

Walikuwa ndani ya duka la Urbano kule Magarama, mjini Gitega, Jumanne saa nne asubuhi. Duka lenyewe lilikuwa chumba kimoja cha simu za mkono, chaja, na vioo vilivyopasuka vikingoja kubadilishwa. Urbano alikuwa mtu wa miaka arobaini na tano hivi, mnene kidogo, mwenye saa mbili kwenye mkono mmoja. Alikaa sawa juu ya kigoda kama mwanafunzi aliyeitwa mbele ya darasa.

"Bon. Shamba la marehemu baba yangu Petero, kule Mwakiro, mukoa wa Muyinga, numero mia nne kumi na saba. Kaskazini, njia ya watu. Mashariki, Simoni. Kusini, Fabiano. Magharibi, kijito. Ari arobaini na mbili."

"Na huyo Fabiano we unamujua?"

"Fabiano!" Urbano alicheka mpaka saa zake zikagongana. "Tumekua naye. Tulichunga mbuzi pamoja pale chini, miaka na miaka. Leo ananipiga, kesho mi namupiga. Ni kama tumbo moja."

Chabani aliandika: tumbo moja.

Kesi yenyewe ilikuwa nyepesi kuieleza na ngumu kuimaliza. Petero alikimbia vita na watu wake, akafia Tanzania. Miaka miwili iliyopita alirudi mwanamke anayeitwa Ursula, na watoto watatu, akaingia kwenye shamba hilo, akajenga kibanda cha matofali mabichi na kupanda mihogo. Alisema Petero ndiye baba yake. Mwaka huu akatokea Urbano, akasema Petero ni baba yake yeye, kwa mke wa kwanza, na huyo mwanamke hamjui. Majina hayakumsaidia mtu. Huko kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe, na ukisoma majina ya ndugu watano huwezi kujua kama wametoka nyumba moja. Baraza la ardhi lingekaa Muyinga Ijumaa asubuhi. Urbano akishindwa, angepoteza nauli. Ursula akishindwa, angepewa siku thelathini za kutoka na watoto wake, na hakuwa na pengine pa kwenda.

"Hiyo numero ya shamba uliitoa wapi?" Chabani aliuliza. "Wakati wa vita mashamba hayakuwa na numero."

"Kwa tovuti, chef. Ni ya serikali, iko wazi, ni bure. Kosa iko wapi?"

"Mi sijasema kosa."

"Basi usiniangalie hivyo." Urbano alimpima kwa macho kutoka kola mpaka viatu. "Na hii koti, alikushonea nani? Maana na yenyewe imeona vita."

"Marehemu baba yangu. Alikuwa fundi." Chabani alifunga daftari. "Mi baba yangu, naweza kuonyesha mushono wake."

Nje aliwasha sigara, akasimama nayo bila kuivuta. Alizaliwa mjini, mtoto wa cherehani, jembe alilijua kwa kuliona. Lakini alikuwa amesikiliza watu wa vilimani kwa miaka ishirini na miwili, wakigombea mashamba, mitaro na migomba, na hakuwahi kumsikia hata mmoja akisema kaskazini. Mtu wa kilimani husema huku juu, kule bondeni, kwa fulani. Anayesema kaskazini, mashariki, kusini, magharibi, tena kwa mpangilio huohuo, huyo anasoma.

*

Ofisi ya Takwimu za Mashamba ilikuwa mtaa wa pili. Aliyeitunza tovuti alikuwa Jeska, mwanamke mwembamba aliyekulia Kigoma na kurudi na cheti cha kompyuta. Alimwamkia kwa shikamoo. Chabani alichelewa kidogo kuitikia, kama siku zote, kwa sababu pale Gitega hakuna aliyemwamkia hivyo.

"Numero mia nne kumi na saba, Mwakiro," alisema.

Ukurasa ukafunguka. Picha ya shamba kutoka juu, mstari mwekundu kuzunguka, na chini yake maandishi ya mmiliki, mipaka na ukubwa. Mmiliki: warithi wa Petero, hawajathibitishwa. Mkaaji: mwanamke mmoja na watoto. Kaskazini, njia ya watu. Mashariki, Simoni. Kusini, Fabiano. Magharibi, kijito. Ari arobaini na mbili.

Chabani alilinganisha na daftari lake. Hata koma zilikuwa mahali pake.

"Nani alifungua hii page?"

"Yeyote, mzee. Hakuna kujiandikisha. Tunaona idadi tu. Huu umefunguliwa mara thelathini na nne." Jeska aliangalia tena. "Thelathini na tano, na sisi."

"Na watu hawajulikani."

"Hawajulikani. Ndivyo tulivyoitengeneza. Mtu asome bila kuulizwa yeye ni nani."

"Hata mwizi."

"Hata mwizi." Hakukasirika. Alikuwa ameshaambiwa hivyo mara nyingi. "Yapo mashauri kumi na moja ya namna hii sasa. Mtu wa mjini anatafuta palipoandikwa hawajathibitishwa, anakariri ukurasa, anajitangaza mrithi. Wakubwa wanasema tuifunge. Wengine wanasema tuweke bei kwa kila ukurasa."

"We unasemaje?"

"Ukiweka bei, wa kwanza kushindwa ni Ursula. Urbano atalipa tu. Kwake ni mtaji." Jeska alisogeza kiti. "Mzee, mama yangu aliporudi alizunguka miezi mitano. Ofisi hii inampeleka ile, ile inamrudisha hii, na kila meza ina mtu anayetaka kusalimiwa vizuri. Alikufa hajaona hata kipande cha ramani. Leo mtu yuko Muyinga, anaazima simu, anaona shamba la baba yake. Mimi siwezi kukuambia jambo hilo halina hasara. Hasara ndiyo hiyo uliyonayo kwenye daftari."

Haikuwa kazi ya Chabani kujibu. Aliweka kidole kwenye kioo, juu ya jina la Fabiano.

"Baraza lilimuita huyu?"

"Waliwaita majirani wote kwa majina ya hapa. Simoni alikwenda, akasema yeye alifika baada ya vita, hamjui Petero wala watoto wake. Barua ya Fabiano ilirudi. Hakupatikana."

"Na haya majina nani aliyaandika?"

"Wapimaji. Wanatembea kwenye mpaka, na anayesimama upande wa pili wanamuuliza jina."

"Anayesimama."

"Ndiyo."

"Haiko anayekaa. Anayesimama."

Jeska alifikiri. "Kwa kawaida ni yuleyule, mzee."

"Bon. Usiguse kitu humo mupaka Ijumaa. Hata ukiona kosa, liache lilale."

*

Kesho yake alipanda gari la kwanza kupitia Karuzi, kisha pikipiki, na kabla ya saa sita alikuwa Mwakiro. Ursula alikuwa akipalilia. Mwanamke mrefu, mgongo ulionyooka, khanga mbili zilizopauka. Alinawa mikono, akamtolea kiti, akabaki amesimama.

"Karibu, afande."

"Keti, Mama Anisia. Mi nitaandika, we utasema pole pole. Hakuna mutu anatukimbiza."

Alikuwa ameshaambiwa kuwa binti mkubwa anaitwa Anisia. Alimuuliza jina la baba, jina la mama, mwaka wa kuondoka. Ursula alijibu kwa Kiswahili cha Tanzania, kilichonyooka kama mgongo wake. Aliondoka ana miaka sita. Mama alifia njiani, baba kambini.

"Mipaka ya shamba?"

Ursula aliunganisha mikono mbele. "Kaskazini, njia ya watu. Mashariki, Simoni. Kusini, Fabiano. Magharibi, kijito. Ari arobaini na mbili."

Kalamu ya Chabani ilisimama. Alimtazama yule mwanamke.

"Fabiano unamujua?"

"Ndiyo, afande. Ni jirani wa siku nyingi."

Aliandika hivyo hivyo, akamsomea, akamwambia atie sahihi. Alitia. Kisha Chabani aliomba maji, akanywa, akasema anakwenda kunyoosha miguu. Alipokuwa akishuka alijiambia kuwa huenda hii ni kesi ya waongo wawili wanaogombea shamba la maiti, na kesi za namna hiyo alikwisha kuziona.

Upande wa bondeni, ng'ambo ya mpaka, palikuwa na nyumba moja tu. Mbele yake alikaa bibi kizee akichambua maharage.

"Amahoro, Bibi. Natafuta kwa Fabiano."

"Fabiano gani?" Bibi alijibu kwa Kirundi, na wakaendelea kwa Kirundi. "Hapa ni kwa Melania. Ni mimi."

"Tangu lini?"

"Tangu niolewe. Hesabu mwenyewe, meno nimebakiza manne."

"Bibi, serikali imeandika kuwa shamba hili ni la Fabiano."

Melania aliacha maharage. Alifikiri, kisha akaanza kucheka kwa sauti ndogo, akafuta macho kwa ncha ya nguo.

"Maskini! Yule mkwe wa kaka yangu! Wakati wanakuja na fimbo zao za kupimia nilikuwa na siku ya nne tangu nimzike mume wangu. Hatujaganduka, matanga hayajaisha. Tuko kwenye kilio, jembe limelala, hakuna mtu wa nyumba hii anayekanyaga shamba. Wakaita kutoka kule mpakani, mwenye shamba aje asimame. Nikasema mimi siendi. Fabiano alikuwa ametoka Mutaho, ametuletea pombe ya msiba, yeye si wa nyumba, hakatazwi. Nikamwambia nenda ukasimame, wakiondoka urudi unywe."

"Wakamuuliza jina."

"Mtu akikuuliza jina, unampa. Alikaa siku tatu, akaondoka na baiskeli yake. Kumbe amebaki na shamba langu!" Akacheka tena.

Chabani hakucheka. Alichukua namba ya simu kwa Melania, akasogea kwenye mgomba na kupiga. Huko Mutaho, Fabiano alipokea kukiwa na kelele za sokoni.

"Muyinga? Nilifika mara moja tu, patron, kwa msiba. Nimefanya nini?"

"Una miaka mingapi?"

"Ishirini na tisa."

"Ijumaa asubuhi we uko Muyinga mjini. Vaa kama kila siku, keti nyuma, usiseme na mutu. Nauli iko kwangu."

Kwa hiyo Urbano, mtu wa miaka arobaini na tano, alichunga mbuzi kabla ya vita na mtu ambaye wakati huo alikuwa bado ananyonya. Hilo lilikwisha. Lakini Ursula naye alisema jirani wa siku nyingi.

Chabani alirudi kwa Melania. "Petero alikuwa na mtoto wa kike?"

"Alikuwa naye. Mdogo, anapenda kulia."

"Ni huyu aliye juu?"

Bibi alirudi kwenye maharage yake. "Tunasalimiana. Ananichotea maji. Lakini aliondoka kadogo hivi, amerudi mama wa watu. Siwezi kuapa, mwanangu. Nikiapa uongo, kaburi langu liko karibu."

*

"Keti," alimwambia Ursula. Safari hii aliketi. "Ile nyumba ya bondeni ni ya nani?"

Ursula aliangalia chini. "Ya Bibi Melania."

"We unamuchotea maji kila siku."

"Ndiyo, afande."

"Asubuhi uliniambia Fabiano. Mi niliandika. We ulitia sahihi."

Kuku alipita katikati yao. Ursula aliingia ndani, akatoka na karatasi iliyokunjwa mara nne, iliyolainika kama kitambaa. Ulikuwa ukurasa ule ule wa tovuti, umechapwa.

"Nilichapisha mjini Muyinga, dukani kwa fotokopi. Nimeisoma mpaka nikaijua."

"Lakini iko na kosa. We unajua iko na kosa."

"Najua."

"Sasa kwanini?"

"Afande, wewe hujakaa kambini." Alisema bila ukali. "Nimekaa miaka ishirini na sita. Unaitwa kuhojiwa, mbele yao ipo fomu. Wanakuuliza jambo ambalo fomu inalo. Hawataki kujua ilivyo, wanataka kuona kama unafanana na fomu. Jirani yetu mmoja fomu yake iliandika watoto wanne, na yeye alikuwa nao watatu. Akasema, jamani, hapa mmekosea, mimi nina watatu. Mtu mwema. Walimfungia kadi ya chakula miezi miwili, wanachunguza huyo wa nne amempeleka wapi. Tulimlisha sisi." Alilainisha karatasi juu ya goti. "Tangu hapo kila mtu kambini alijua. Karatasi yao ikikosea, wewe ndiye unayejirekebisha. Sasa serikali imeandika Fabiano. Mimi nani niseme Melania?"

Chabani alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa amehoji wezi, wauaji na wapunja mizani, lakini hakuwahi kukutana na mtu aliyedanganya ili asionekane mwongo.

"Chana ile ya asubuhi," Ursula alisema. "Tuandike nyingine."

"Mi sichani. Inaenda kwa baraza, hii na ile." Alifungua ukurasa mpya. "Sasa sikiliza. Weka hiyo karatasi mbali. Nipe kitu kimoja cha shamba hili ambacho humo hakiko."

"Nilikuwa na miaka sita."

"Kimoja."

Ursula aliangalia mihogo yake. Hapakuwa na mgomba hata mmoja. Waliokaa hapo wakati wa vita walikata yote. Chabani alisubiri. Kusubiri ndiyo sehemu kubwa ya kazi hiyo.

"Shimo," alisema mwishowe. "Shimo la kuvundikia ndizi za pombe. Mama alikuwa anachoma majani ndani, moshi unatoka, kisha anapanga ndizi na kufunika. Nilikanyaga juu yake nikazama mguu, akanichapa. Na halikuwa nyuma ya nyumba kama kwa watu. Lilikuwa..."

"Nyamaza!" Chabani aliinua mkono. "Usiseme wapi. Usioneshe hata kwa jicho."

Alishuka tena bondeni, safari hii mbio kidogo, koti likimpiga mapajani. Melania alishangaa kumwona.

"Bibi, Petero alivundika ndizi zake wapi?"

"Aa, yule! Huko juu, kando ya njia, hatua chache kutoka kwenye jiwe jeupe. Huku chini kwake paliingia maji. Wapita njia walikuwa wanamlalamikia, harufu inawaita na pombe hawapewi."

Aliandika neno kwa neno, akamsomea, akamshika kidole gumba na kukipaka wino. Aliandika na saa: nane na dakika kumi. Kisha akampitia Simoni, jirani wa upande, awe shahidi, pamoja na jembe lake.

Ursula alipewa kijiti. "Kasimike," Chabani alisema.

Alipanda taratibu mpaka juu, karibu na njia. Alilipita jiwe jeupe, akasita, akarudi. Alihesabu kwa midomo. Alipiga hatua za mtu mkubwa, kisha akazifupisha, kama anayejaribu miguu ya mwingine. Akasimika kijiti katikati ya mihogo yake mwenyewe.

"Ni mihogo yako," Simoni alisema, jembe begani. "Bado miezi mitatu."

"Lima," Ursula alisema.

Simoni aling'oa mashina sita. Mpaka kwenye goti udongo ulikuwa mwekundu tu, wa kawaida. Simoni alipumzika, akamtazama inspekta, inspekta akatazama njia. Simoni aliendelea. Karibu na kiuno jembe lilibadilisha sauti. Udongo ukawa mweusi, wa majivu, na ndani yake vipande vya mkaa vidogo kama kucha. Simoni alifuata ukingo kwa vidole. Ulikuwa umenyooka, umekatwa na mkono wa mtu.

Ursula alichuchumaa, akachukua donge moja, akalinusa. Halikuwa na harufu yoyote. Alilirudisha.

"Andika, afande," alisema.

"Naandika. Lakini Ijumaa mi sitasema kwa niaba yako. Watakuuliza na ukurasa uko mbele yao. Ukisema tena Fabiano, hii shimo haina kazi."

*

Baraza la ardhi lilikaa Muyinga katika ukumbi wenye madirisha manne na viti visivyotosha. Mwenyekiti alikuwa mama wa makamo aliyeitwa Imelda, miwani kwenye kamba, mtu asiyependa hadithi ndefu. Mbele yake karani alikuwa na ukurasa wa tovuti. Nyuma kabisa, kati ya watu waliokuja na kesi zao, alikaa Fabiano katika shati la kazi.

Urbano alianza. Alitaja mipaka yake bila kosa. Imelda alifuata kwa kalamu, mstari kwa mstari, akaitikia kwa kichwa.

"Inspekta?"

Chabani alisimama. "Swali mbili tu, mheshimiwa. Urbano, shimo la ndizi la muzee wenu lilikuwa wapi?"

Urbano hakusita. "Nyuma ya nyumba, chef, kama kwa watu wote. We mutu wa mujini hujui haya mambo."

Watu wakacheka. Chabani aliwaacha wamalize.

"Kweli, sijui. Ya pili. Huyo Fabiano, tumbo moja na we, yuko humu ndani. Tuonyeshe."

Kicheko kikakatika. Urbano aligeuka. Alipitisha macho safu moja, safu ya pili. Alimtazama Fabiano na kumpita. Alikuwa anatafuta mtu wa rika lake. Karibu na mlango alikaa mzee mwenye mvi na fimbo.

"Yule pale," Urbano alisema. "Amezeeka, masikini."

Mzee aliangalia kushoto na kulia. "Mimi? Mimi ni Emmanuel, nimekuja kwa habari ya mtaro!"

"Fabiano, simama," Imelda alisema. Kijana wa Mutaho akasimama na kofia mkononi. Karani alisoma kitambulisho chake kwa sauti, jina, mwaka wa kuzaliwa, komini yake ya Mutaho. Urbano alikaa bila kuambiwa. Alivua saa moja, akaivaa tena.

Imelda hakumpa nafasi ya kupumua mtu yeyote. "Ursula."

Ursula alisimama. Karani alimsogezea ukurasa karibu, kwa wema tu, ili auone.

"Mipaka yako?"

"Huku juu, njia ya watu. Pembeni, Simoni. Upande wa pili, kijito."

"Na kusini?"

Chabani alikuwa anatazama viatu vyake. Alikuwa amefanya yote aliyoweza, na kilichobaki hakikuwa ndani ya daftari. Nje ilipita baiskeli.

"Bondeni," Ursula alisema, "ni kwa Bibi Melania."

"Hapa pameandikwa Fabiano." Imelda alivua miwani. "Na wewe mwenyewe Jumatano asubuhi ulisema Fabiano. Sahihi yako hii."

"Nilisema, mheshimiwa. Nilisoma humo. Niliogopa kutofautiana na serikali." Mikono yake ilikuwa imeshikana sana. "Lakini karatasi imekosea. Huyo kaka si jirani yetu, ni mtu wa Mutaho. Jirani yangu ni Melania, na alikuwa jirani wa baba yangu."

Hakuna aliyemfungia kitu, kama kule kambini. Imelda alivaa miwani. Alisoma karatasi ya maelezo ya Melania yenye kidole gumba na saa, akasoma ya shimo yenye sahihi ya Simoni, akazipitisha kwa wenzake wawili. Waliongea kwa kunong'ona, si kwa muda mrefu.

"Tulituma wito kwa majina ya kwenye ukurasa huu," Imelda alisema, "na mtu pekee aliyekuwa anajua hakuitwa, kwa sababu siku ya kupimwa alikuwa kwenye kilio. Hilo ni letu. Ombi la Urbano limekataliwa, na yeye abaki hapa na inspekta. Yapo mashauri mengine kumi ya namna hii ya kumuuliza." Akamgeukia karani. "Shamba numero mia nne kumi na saba, warithi wa Petero, anathibitishwa Ursula. Jirani wa kusini arekebishwe. Ipelekwe Gitega, iingie kwenye tovuti leo." Kisha kwa Ursula: "Jina lako litasomwa na kila mtu, mama. Wema na wabaya. Una haki ya kuomba lisiandikwe."

Ursula aliwatazama watu waliokuwa nyuma, mmoja baada ya mwingine, na Urbano pia.

"Liandikwe," alisema. "Lakini mnisomee kwanza."

Karani alisoma. Numero, kilima, komini. Mmiliki, Ursula, binti wa Petero. Kusini, Melania. Wakazi wa shamba, mwanamke mmoja na watoto wawili.

Ursula aliinua mkono.

"Hapo mmekosea," alisema. "Ni watatu."